Elektroni Kumi na Saba

Karatasi ya mtihani ilirudi na alama kumi na moja juu ya mia, na chini yake Mwalimu Mihayo alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu maneno mawili: "Agoni haoi." Ingekuwa afadhali kama angeishia kuandika. Lakini hapana, aliona asiwanyime wenzake uhondo. Alisimama mbele ya kidato cha tatu kizima akaisoma kwa sauti, kisha akaueleza utani wake mwenyewe, maana aliona wengine wamechelewa kuucheka. Akasema humu ndani kuna mwanafunzi amemchukua agoni, gesi isiyoungana na mtu, isiyomtaka mtu, isiyokuwa na shida na mtu, akamfungisha ndoa na kromiamu watatu kwa mpigo. Darasa likavunjika mbavu. Irambona hakuinamisha kichwa. Alimtazama mwalimu usoni mpaka mwalimu mwenyewe akahamia karatasi nyingine.

Swali lilikuwa hili: chora muundo wa kloridi ya alumini, onyesha jinsi atomu zake zilivyoshikana, kisha andika fomula. Alumini alama yake ni Al, klorini ni Cl. Atomu moja ya alumini na tatu za klorini, basi, AlCl₃. Irambona aliandika ArCr₃. Ar ndiye agoni na Cr ndiye kromiamu, na hapo ndipo Mwalimu Mihayo alipopata cha kuchekea.

Sasa tulia kidogo kabla na wewe hujacheka. Kwao Irambona ni Mbuba, wilaya ya Ngara, na watu wa kule wamezaliwa na Kihangaza mdomoni. Katika midomo hiyo l na r hazijawahi kugombana. Kalamu ni karamu, mtu akichoka anakwenda kurara, na asubuhi anaamka mzima wa afya. Kiswahili wanakikuta shuleni na sokoni, wanakichukua kama kilivyo na kukisema kama wanavyoweza. Na pale shuleni kitabu cha kemia kilikuwa kimoja kwa wanafunzi tisa, kwa hiyo maelezo mengi yalikuja kwa imla: mwalimu anasoma, mkono unakimbizana na sikio. Sikio la Irambona lilisikia krorini, mkono ukaandika Cr. Hivyo hivyo tangu kidato cha kwanza, na hakuna aliyewahi kulifungua daftari lake kuangalia.

Lakini mchoro ulikuwa sawa. Hilo ndilo lililomchoma. Alikuwa amechora atomu moja katikati na elektroni zake kwa mafungu, mbili, nane, tatu, na kuizunguka atomu nyingine tatu, kila moja ikiwa na mbili, nane, saba. Zile tatu za nje za yule wa katikati, kila moja alikuwa ameiunganisha na moja ya jirani, jozi jozi, za kutumia pamoja. Pembeni aliandika swali kwa penseli, maana lilikuwa linamsumbua: mbona huyu wa katikati amebaki na sita tu nje, wakati wenzake wote wamefika nane? Mwalimu alipitisha mstari mwekundu juu ya vyote, mchoro na swali, mstari mmoja kutoka kona hadi kona.

Irambona alilipenda somo hilo, wala hakuona haya kulipenda. Mambo mengi aliyowahi kuambiwa maishani yalikuwa ya kupokea na kunyamaza. Hili lilikuwa la kuhesabu. Nani ana ngapi, nani amepungukiwa, nani anatoa moja kwa moja na nani anachangia tu. Ukishahesabu unajua kwa nini jiwe la chumvi ukiligonga linapasuka badala ya kubonyea. Unajua kwa nini ncha ya penseli inasagika kwenye karatasi wakati almasi, ambayo ni kaboni ile ile, inakata kioo. Ni mpangilio tu, nani kamshika nani. Siku aliyofundishwa hilo alibaki ameketi kwenye dawati mpaka kengele ya kipindi kingine ikalia.

Ijumaa orodha ikabandikwa ubaoni nje ya ofisi. Wanafunzi sita waondolewe kemia, wahamie mchepuo wa sanaa, kabla majina hayajapelekwa wilayani. Jina lake lilikuwa la tatu.

Mwalimu Mihayo hakuwa mtu mbaya, na mimi sitamsingizia. Kwao ni Biharamulo, baba yake alihamia huko na ng'ombe zake kutoka Shinyanga, na hapo shuleni alikuwa peke yake kwenye kemia, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Kila mwaka kwenye kikao cha tathmini ndiye aliyesimamishwa aeleze kwa nini wastani umeshuka. Mwaka huo aliamua hasimamishwi tena. Atapunguza mzigo mapema, abaki na wale anaowaamini. Shida ni kwamba mzigo aliokuwa anaupunguza ulikuwa watu.

Watano walisaini fomu ya kuhama siku hiyo hiyo. Irambona aliisoma yote, mbele na nyuma, akairudisha mezani.

"Sisaini, mwalimu."

Mwalimu akauliza kwa nini. Irambona akasema ni kwa sababu kemia anaijua. Mwalimu akacheka, akasema anayeijua kemia hamwozi agoni. Irambona akamjibu kwamba agoni yumo kwenye herufi tu, kwenye mchoro hayumo, na mwalimu akitaka kuhakikisha ahesabu. Hapo uso wa Mwalimu Mihayo ukabadilika. Hakuzoea kuambiwa ahesabu. Akamwambia aende na fomu yake nyumbani, Jumatatu arudi na mzazi.

Mama yake, Febronia, Irambona alimkuta shambani anapukuchua maharage. Alisikiliza kisa chote bila kusimamisha mikono, halafu akasema maneno ambayo mama yeyote aliyechoka angesema: saini, mwanangu, hata wa sanaa wanakula. Kisha alimtazama vizuri, na mikono ikasimama. Akamuuliza kama kweli anaijua hiyo kemia au anabisha tu kwa kuwa amechekwa.

Irambona hakujibu kwa mdomo. Alichota maharage, akachukua na punje za mahindi, akachuchumaa na kuanza kupanga chini. Maharage yalikuwa elektroni za alumini, mahindi yalikuwa za klorini. Akapanga za ndani, akapanga za nje, akaeleza kwamba karibu kila mmoja anatafuta nane, kwamba asiyefika anashikana na mwenzake, haragwe moja na punje moja zinakaa katikati na wote wawili wanazihesabu kuwa zao. Mama aliinama akaanza kuhesabu kwa kidole. Aliishia darasa la nne, lakini kuhesabu hajawahi kushindwa na mtu. Alihesabu majirani wote watatu, akatikisa kichwa kukubali. Akahesabu wa katikati, akarudia.

"Huyu wamempunja," akasema. "Ana sita."

Irambona nusura alie. Swali lile lile ambalo mwalimu alilipitishia wino mwekundu, mama yake ameliona kwenye maharage. Febronia akanyanyuka, akajipangusa magoti, akasema Jumatatu watakwenda wote. Siku mbili zilizobaki Irambona alizitumia kwa herufi. Kila jina aliloandika kwa r alilirudia kwa l, mara mia, mara mia mbili, mpaka mkono ukakubali kwamba ukisikia klo unaandika Cl na hauulizi. Hakuona ajabu yoyote. Ilikuwa ni kukariri tu, na kukariri hata kasuku anaweza.

Jumatatu wakawa ofisini kwa mkuu wa shule, Madamu Eufrazia, mama mnene wa taratibu aliyefundisha Kiswahili miaka zaidi ya ishirini kabla ya kupewa kiti hicho. Irambona aliamkia, akaitikiwa marahaba, akabaki amesimama nyuma ya kiti cha mama yake. Mwalimu Mihayo alianza. Alizungumza vizuri, na kwa heshima: alitaja alama, alitaja wastani wa shule, alisema kumng'ang'aniza mtoto kwenye somo lisilo lake ni kumtesa. Ukimsikiliza bila kujua habari ungempa haki. Alipomaliza, Madamu Eufrazia akamgeukia mzazi.

Febronia alikuwa amejipanga njiani kote. Alikaza kitenge chake, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mimi sikuja kugombana. Ninataka mwanangu arudishiwe mahari pake."

Mwalimu Mihayo akaangua kicheko. Sidhani alikusudia, kilimtoka tu. Akasema kumbe mahari imeshalipwa, basi tuitwe na sisi kwenye sherehe. Febronia alielewa kwamba amekosea mahali fulani, ila hakujua wapi. Alishusha macho, akajikunja kwenye kiti akawa mdogo, mwanamke ambaye kwake hakuna anayethubutu kumkatisha akizungumza.

Irambona aliona hayo yote kutoka nyuma ya kiti. Kuchekwa yeye alikuwa ameshakuzoea. Hasira iliyompanda sasa ilikuwa nyingine, hasira tulivu, yenye adabu zake zote, na hiyo ndiyo mbaya.

"Madamu, samahani," akasema. "Mama amesema nini?"

Mkuu wa shule akamtazama kwa mshangao kidogo. "Amesema urudishiwe nafasi yako darasani."

"Lakini ametamka mahari. Umejuaje kwamba hakutaka mahari?"

Madamu Eufrazia alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na swali la Kiswahili haliwezi kumpita mwalimu wa Kiswahili likaenda zake. Alijibu kabla ya kufikiri linampeleka wapi. "Amesema pake. Angetaka mahari angesema yake."

"Kwa hiyo hukuangalia herufi moja iliyokosewa. Umeangalia neno limeshikana na nini."

Irambona alisogea mezani, akaichukua ile fomu ya kuhama ambayo hajaisaini, akaigeuza upande mweupe. Akaomba kalamu. Madamu akampa ya kwake.

Alichora upya, palepale, bila haraka. Mbili, nane, tatu katikati. Mbili, nane, saba mara tatu pembeni. Akaweka zile jozi tatu za kushirikiana. Hakuandika herufi hata moja. Kisha akaweka kidole kwenye yule wa katikati.

"Mwalimu, huyu ana kumi na tatu. Agoni ana kumi na nane, na zake za nje zimetimia, ndiyo maana hashikani na mtu. Huyu ni agoni?"

"Hapana," akasema Mwalimu Mihayo. "Huyo ni alumini."

"Na hawa wana kumi na saba kila mmoja. Kromiamu ana ishirini na nne. Hawa ni kromiamu?"

"Ni klorini."

"Basi umewatambua. Na siku ile pia uliwatambua."

Mwalimu Mihayo akajikohoza. Halafu akasema jambo ambalo Irambona hakulipenda kwa sababu lilikuwa la kweli. Alisema yeye anaweza kutambua, sawa, lakini mtihani wa taifa hausahihishwi Mbuba. Msahihishaji ana rundo la karatasi mbele yake, akiona Cr anaweka kosa, anageuza ukurasa, hana habari na Kihangaza cha mtu. Alisema haya kwa ukali, ukali wa mtu ambaye yamewahi kumpata.

"Ni kweli," Irambona akasema. "Ndiyo maana herufi nimejifunza. Imenichukua siku mbili. Haya mengine umetufundisha mwaka mzima, mwalimu, na darasani tunaoyajua tuko wangapi?"

Hakungoja jibu. Akagonga tena kidole katikati ya mchoro, akauliza lile swali lake: mbona alumini amebaki na sita? Mwalimu akasema hilo ni la kidato cha tano. Irambona akasema basi amelifikia mapema. Na hapo, nadhani, ualimu ukamshinda yule mtu, maana badala ya kumkemea alimuuliza yeye anadhani nini. Irambona akachora mchoro wa pili kando ya wa kwanza, alumini mwingine na klorini zake tatu. Akasema hawa klorini wana jozi ambazo hazijashikwa na mtu, wamekaa nazo tu. Kama wa huku akimwazima jirani wa kule jozi nzima, na wa kule akimwazima wa huku, wote wawili wa katikati wanafika nane, na hizo mbili zinakuwa kitu kimoja. Akavuta mishale miwili, huku na kule.

Mwalimu Mihayo aliutazama mchoro muda mrefu.

"Amekosea?" akauliza Madamu Eufrazia.

"Hajakosea."

Ungedhani yamekwisha. Hayakwisha, maana mwalimu naye ana wastani wake wa kulinda, na mtu mzima kushindwa mbele ya mzazi si kitu chepesi. Akasema mchoro ni mchoro, ila yeye bado hajaziona herufi. Amsomee fomula kumi hapahapa, kwa imla, kama darasani. Akipata kumi zote abaki. Ikipungua hata moja asaini. Madamu Eufrazia alimtazama Irambona, akamwambia anaweza kukataa, si lazima. Febronia akamshika mkono wa gauni. Irambona akauondoa mkono wa mama yake taratibu, akavuta kiti, akaketi.

"Soma, mwalimu."

Alisoma. Kloridi ya sodiamu, akaandika NaCl. Oksidi ya alumini, Al₂O₃. Gesi ya klorini, gesi ya agoni, kloridi ya kalsiamu. Mitego mitupu, kila fomula ina l au r ndani yake, na mkono wa Irambona ukapita juu ya zote bila kusita. Mwalimu akaanza kuongeza kasi. La sita, la saba, la nane. Na Mwalimu Mihayo, ambaye darasani alikuwa anasoma polepole na kwa uangalifu mkubwa, akiharakisha alikuwa na lake. Kisukuma cha kwao r hakina. Akipewa nafasi ya kupumua anaitamka vizuri kabisa, asipopewa inamgeuka.

"La tisa," akasema. "Klolidi ya klomiamu tatu."

Mkono wa Irambona ulikuwa umeshaanza kwenda. Uliandika C, ukataka kuweka l kama ulivyofundishwa siku mbili nzima, na yeye akauzuia. Klo mbili katika pumzi moja. Ya kwanza ilimalizika kama kloridi, ya pili ilimalizika kama kromiamu, na zote zilianza sawasawa. Kama angefuata sikio angeandika Cl mbele, halafu angechukua ile fomu na kusaini, na hakuna ambaye angejua kosa limetoka kwenye mdomo gani. Akanyanyua uso.

"Mwalimu, huyo anayetangulia kwenye fomula ana elektroni ngapi? Kumi na saba au ishirini na nne?"

Mwalimu Mihayo alifungua mdomo arudie neno, akaufunga. Alikuwa amejisikia. Madamu Eufrazia naye alikuwa amesikia, miaka ishirini anawasahihisha watoto wa Kihangaza r zao, hakuwahi kumsikiliza mwalimu mwenzake. Hakuna aliyecheka. Febronia hata hakujua kilichotokea, alikuwa anamtazama mwanawe tu.

"Ishirini na nne," akasema Mwalimu Mihayo.

Irambona akaandika CrCl₃.

La kumi hakulisoma kwa jina. Alitoa leso akajifuta paji la uso. "Kumi na tisa na kumi na saba," akasema, na Irambona akahesabu, potasiamu na klorini, akaandika KCl. Mwalimu akanyoosha mkono achukue karatasi, akisema ataisahihisha kwenye chumba cha walimu kisha awaletee majibu. Irambona akaibana karatasi kwa kiganja.

"Sahihisha hapahapa, mwalimu. Mama akiona."

Akaketi akasahihisha. Vyema kumi, kimoja kimoja, Febronia akivihesabu kwa kidole kutoka upande wa pili wa meza. Madamu Eufrazia aliitoa orodha kwenye faili, akalikata jina la tatu, akaweka sahihi yake pembeni. Akasema Irambona aende darasani, kipindi kinaanza.

Irambona alisimama. Hakushukuru. Macho yake yalikuwa kwenye orodha iliyofunguliwa mezani, kwenye majina matano yaliyobaki, na kati ya hayo matano manne yalikuwa ya watoto wa Mbuba na Mugoma, wote wa Kihangaza.

"Kwizera naye aliandika Cr," akasema. "Na Nduwayo. Na michoro yao niliiona, iko sawa. Niwaite?"

Madamu Eufrazia alimwachia mwenye somo. Mwalimu Mihayo aliizungusha kalamu nyekundu mezani kwa kidole, mara moja, mara mbili, akaifunika kifuniko chake.

"Waite," akasema. "Waje na madaftari."